Jina Langu Saa Tisa Usiku

Nilimwamkia shikamoo mtu ambaye alikuwa ameshaniitia polisi. Sikujua. Niliingia ofisini kwake asubuhi, nikainama kidogo kama nilivyofanya kila siku, naye akaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. Halafu akaniambia nifunge mlango.

Hospitali yetu ni ndogo, iko pembezoni mwa mji wa Singida, upande ule ambao ukishamaliza mashamba ya alizeti unafika kwetu Unyambwa. Mimi nilikuwa mapokezi. Nina cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Nilikuwa na mtoto wa kike anayenyonya, mama yangu ananiletea pale kazini kila mchana nimnyonyeshe nyuma ya ukuta wa maabara, pasipofika upepo. Baba wa mtoto alikuwa Rungwa kwenye mizinga ya nyuki, na huko ukitaka kumpata kwa simu mpaka yeye mwenyewe akumbuke kupanda mahali penye mtandao. Nayasema haya ili ijulikane kwamba siku ile sikuwa na mwanamume wa kumpigia simu, wala mjomba mwenye cheo. Nilikuwa na mama, mtoto, na jina langu.

Na jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi.

Mzee, ndivyo tulivyomwita wote, alikuwa msimamizi wa hospitali, Mnyiramba mtu mzima, anayeheshimika kanisani na mtaani. Aliigeuza ile karatasi akanisogezea.

"Soma mwenyewe."

Ilikuwa ripoti ya mashine inayoitwa proksi. Kompyuta za hospitali haziendi kwenye intaneti hivi hivi. Zinapita kwanza kwenye mashine hiyo, inakaa kama mlinzi wa getini, na inaandika nani katoka, kaenda wapi, saa ngapi. Mzee aliomba aletewe ripoti hiyo kila wiki ili awakamate wanaoshinda wakiangalia vichekesho kazini. Wiki ile ikamletea mimi. Jina langu, tovuti ya bima ya afya, 3:14 AM. Jina langu, tovuti ya bima, 3:15 AM. 3:15 tena. Ukurasa mzima, na nyuma ya ukurasa pia.

"Saa tisa usiku," mzee akasema. "Saa tisa usiku mapokezi pamefungwa. Ulikuwa unahakiki bima za nani?"

"Mzee, usiku mimi nalala nyumbani."

"Hilo jina ni la nani?"

"Langu."

"Na paswedi anaijua nani?"

"Kila mtu, mzee. Tangu Jumatatu mtandao unawakataa wote, ndiyo maana wanatumia ya..."

"Usiwasingizie wenzako." Alisema taratibu kabisa. Afadhali angefoka. "Binti yangu, unajua maana ya wagonjwa hewa?"

Kila anayefanya kazi hospitali anaijua. Ni majina ya watu ambao hawajaumwa, hawajaja, wengine hata hawapo duniani, mtu anawaandika ili bima ilipe. Redioni tulishasikia watu wa kwingine wamepelekwa mahakamani kwa jambo hilo hilo. Nikaitazama karatasi, nikaona jinsi mtu asiyenijua angeiona. Mwanamke, usiku wa manane, peke yake, anafungua bima moja baada ya nyingine. Hata mimi ningemkamata.

"Nimeshaongea na kituoni," akasema. "Askari atakuja leo hii, uende ukatoe maelezo. Usiondoke hapa. Na usiguse kompyuta."

Nataka niseme hofu ilivyo, maana watu husema tu "niliogopa" kisha wanaendelea na habari nyingine. Kwanza miguu ilipoa. Siyo kulegea, kupoa, kama nimeiingiza kwenye ndoo ya maji ya kisima. Halafu masikio yakaziba. Namwona mzee midomo inacheza, namsikia kwa mbali. Na kitu cha ajabu, maziwa yakatoka. Mtoto hayupo, hajalia, lakini blauzi ikalowa mbele ya mzee wa watu, nikaikumbatia ile karatasi kifuani kujificha, karatasi yenyewe ya kunifunga.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa "kutoa maelezo" kwa mambo ya mume wake. Hakurudi siku hiyo wala kesho yake. Mtoto wake mchanga alibaki kwa majirani akilishwa uji kwa kijiko, analia mpaka sauti inakauka. Aliporudi, yule mama alikuwa na matiti magumu kama mawe na homa, na mtoto akamkataa. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliomkanda kwa kitambaa cha moto. Kwa hiyo mzee aliposema "maelezo", mimi sikuona karatasi wala kalamu. Nilimwona mwanangu na kile kijiko.

Nikatoka nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mwenzangu wa mapokezi alikuwa dirishani pale, hatua chache tu. Nikamwita.

"Mwambie mzee. Mwambie hata wewe umeingia kwa jina langu."

Akajifanya anapanga kadi. "Mimi hayo mambo ya mitandao siyajui, shoga."

"Huyajui? Jana mchana umeingia kwa jina la nani?"

"Usiniingize. Na mimi nina watoto."

Nilitamani nimrukie. Leo nikifikiri naona na yeye aliogopa kama mimi. Lakini sijaacha kumkasirikia, na sidhani kama nitaacha.

Ngoja nieleze huo mtandao uliokataa, maana ndio uliotufikisha hapo. Sisi tulikuwa na utaratibu wa kuingia mara moja. Asubuhi unawasha kompyuta, unaandika jina na paswedi mara moja tu, na milango yote inafunguka siku nzima: faili za wagonjwa, maabara, dawa, bima. Kabla ya hapo kila mlango ulikuwa na paswedi yake na watu walizibandika ukutani kwa selotepu. Tuliupenda huo utaratibu. Hatukufikiri kwamba ukiwa na ufunguo mmoja wa nyumba nzima, siku ukiharibika uko nje ya nyumba nzima.

Jumapili umeme ulikatika. Jumatatu uliporudi, milango ikagoma. Unaingia vizuri kwenye kompyuta, lakini ukitaka kwenda kwenye bima kinatokea kiboksi: andika jina, andika paswedi. Unaandika. Kinarudi. Unaandika tena. Kinarudi. Ni kama kuongea na mtu aliyeamua kutokukusikia. Daktari aliandika mpaka akapiga meza. Ni jina moja tu la wafanyakazi lililopita, langu. Fundi alipofunga ile mashine ya proksi aliketi mapokezi kuijaribu, akaweka pembeni majina mawili ya akiba, lake na la yule aliyekuwa amekaa karibu naye. Aliyekuwa karibu ni mimi. Basi kila aliyetaka kuhakiki bima akawa anakuja, "Dada, tufungulie," nami nafungua, hadi nikachoka kuitwa nikawatajia paswedi. Mgonjwa amejikunja kwenye benchi, wewe utamwambia asubiri siri yako?

Fundi huyo alitoka Dodoma na basi la asubuhi, siku hiyo hiyo ya karatasi. Kijana mrefu, begi mgongoni, karanga za kukaanga mfukoni. Alikuwa ameitwa kwa sababu ya kiboksi, habari ya polisi hakuwa nayo. Mzee alimfungulia kijichumba chenye mashine. Kimo humo humo ndani ya ofisi yake, zamani kilikuwa choo, na ufunguo ni yeye peke yake aliyekuwa nao.

Nikamsikia fundi anasema, "Mzee, nahitaji mtu wa kujaribia. Yule dada wa mapokezi jina lake lipo kwenye akiba."

"Huyo asiguse kitu."

"Asipogusa yeye sitaona linakubali wapi na linakataa wapi. Nitasimama naye hapa hapa."

Mzee alifikiri, halafu akaniita kwa kidole. Akamwambia fundi, kana kwamba mimi ni kiti, "Umwangalie mikono." Kisha akaenda kwenye kikao chake cha wakuu wa wodi, akauacha mlango wazi.

Fundi alinitazama blauzi iliyolowa, akanitazama uso. "Dada, kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nikianzia mwisho, nikirudi mwanzo. Akaacha kutafuna.

"Saa tisa usiku? Wewe?"

"Mimi usiku nabadilisha nepi."

"Basi tutafute. Kaa hapo. Usilie, kibodi ya watu italowa."

Ulikuwa utani. Nilitaka kumzaba kibao, lakini nikakaa.

Akaanza kazi. Nilimwona anavyofanya na nikashika kila neno, kwa sababu ndani ya yale maneno ndimo lilimobaki tumaini langu. Akajaribu jina lake kwa njia ya kawaida, kiboksi kikatokea. Akachomoa waya, akachomeka mwingine. Kiboksi. Akazima mashine, akawasha, tukasubiri ikinguruma. Kiboksi. Akaniambia niandike la kwangu, likapita.

"Umeona? Wewe unapita kwa mlango wa nyuma, ule wa akiba. Mlango wa mbele umefungwa kwa wote. Siyo paswedi. Ingekuwa paswedi hata kompyuta yenyewe isingefunguka asubuhi."

"Sasa ni nini?"

"Subiri."

Nje pikipiki ikapita barabarani. Nikashika ukingo wa meza. Haikusimama.

"Iko hivi," akasema, nafikiri alitaka nisikilize yeye na siyo barabara. "Asubuhi ukiingia, seva kubwa inakupa tiketi. Wewe huioni, iko ndani kwa ndani. Ukifika kwa huyu wa getini huulizwi jina tena, kompyuta yako inaonyesha tiketi tu. Na tiketi ina saa. Inaanza saa fulani, inakwisha saa fulani, ili mwizi akiiokota kesho isimfae. Sasa huyu," akagonga mashine kwa kucha, "anazikataa tiketi zote. Ngoja tumuulize kwa nini."

Akafungua maandishi mengi meupe kwenye weusi. Akayapandisha, akayashusha. Akasimamisha kidole kwenye mstari mmoja.

"Anasema tiketi bado hazijaanza."

"Maana yake?"

"Maana yake anawaona nyie wote mmetoka mbele. Mnampa tiketi ya baadaye." Akatoa simu yake mfukoni akaiweka sambamba na kioo. Simu ilisema 10:40. Mashine ilisema 4:40. "Huyu saa yake iko nyuma. Saa sita."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Tatu ya usiku kwa saa ya Kizungu, ongeza sita. Tisa ya Kizungu. Saa tatu asubuhi.

Saa tatu asubuhi mimi nipo mapokezi, na benchi limejaa.

"Toa ile ripoti," akasema fundi. Nilikuwa nayo bado, imekunjamana na maziwa yamekauka juu yake. Akaitandaza kwenye goti. "Haya tazama. Watu wanaanza kutoka saa mbili usiku kwa saa ya Kizungu, wanaacha saa kumi. Baada ya saa kumi asubuhi ya Kizungu hakuna kitu. Mchana wote, jioni yote. Hospitali nzima mlikuwa mmekufa?"

Hapo nikamkumbuka bibi wa Ulemo. Alikuja na mjukuu wake, mguu umevimba, na bima ilitaka alama ya kidole. Vidole vyake vilikuwa vimesuguliwa na jembe mpaka havina mistari. Tulijaribu kidole cha kwanza, cha pili, tukampaka mafuta, tukamfuta, tukajaribu tena, yeye anacheka, "Mjukuu wangu, hiyo mashine yako inataka vidole vya watu wasiofanya kazi." 3:14. 3:15. 3:15 tena. Kumbe ni vidole vya bibi yule. Na bibi mwenyewe alikuwa bado amelala wodi ya wanawake, hewa ipi?

Nikasimama. Nilikuwa tayari kukimbia uwanja mzima nikipiga kelele. Fundi akanishika mkono.

"Ngoja. Kuna kitu hakijakaa sawa. Betri ya saa ya hii mashine ilikufa, hilo nalijua, Jumatatu iliamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Lakini betri ikifa haikosei saa sita kamili. Na tarehe ni ya leo. Ingekuwa nyuma saa tatu ningesema ni mambo ya saa za dunia. Sita? Hii imewekwa na mtu."

"Na nani?"

"Jumatatu nilimpigia mzee. Nilimwambia aingie humu, nikamwonyesha pa kubofya, nikamwambia weka tarehe ya leo, weka saa ya sasa hivi. Basi."

Tukageuza vichwa wote wawili. Mlango wa kijichumba ulikuwa wazi, na ukutani, juu ya kiti cha mzee, ilikuwepo saa yake. Mishale ya saa ile imewekwa Kiswahili. Ikiwa saa tatu, mshale mfupi uko kwenye tatu yenyewe. Nyumba nyingi za wazee kwetu saa ziko hivyo, na mzee alisema anawarahisishia wazee wenzake wanaokuja kumwona, wasihangaike kugeuza kichwani. Muda huo mshale ulikuwa umeipita nne, unaielekea tano. Sawasawa na mashine.

Aliinua macho akaangalia ukutani, akaandika alichokiona. Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kuweka saa alisoma kwa macho ya nyumbani, na siku ya kunishtaki akasoma kwa macho ya shule.

Nilidhani hofu itaondoka. Haikuondoka, ilibadilika tu. Kwa sababu fundi alikuwa ameshaanza kuandika ripoti yake, na juu ya bega lake nikasoma: hitilafu ya betri.

"Siyo betri," nikasema.

"Betri ndiyo chanzo."

"Betri haikuirudisha nyuma saa sita kamili. Andika mtu."

Akateremsha sauti. "Dada, yule ni mzee. Nitaandikaje kwamba mzee amekosea? Tukisema mashine imekosea, yeye hana aibu, wewe hukamatwi, mimi nalipwa. Yameisha."

"Yameisha kwako. Mashine ikikosea leo saa, kesho watasema labda na jina ilikosea, labda haikukosea, labda yule mwanamke alicheza nayo. Askari anakuja, unafikiri atasoma nini? Atasoma jina langu, halafu atasoma 'hitilafu'. Wewe utakuwa kwenye basi unarudi Dodoma. Mwanangu atakuwa na nani?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

"Yule ni mzee wa watu, dada."

"Na mimi ni mtoto wa watu!"

Akafunga kompyuta yake nusu, akaifungua, hakufuta wala hakuandika. Nje nikasikia pikipiki. Hii ilisimama.

Askari alikuwa amevaa kiraia, mtu wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee aliingia naye wakitaniana mambo ya barabara. Na nyuma yao, kwa kuwa ulikuwa unakaribia muda wa kunyonyesha, aliingia mama yangu na mtoto mgongoni. Hakujua kitu. Aliwaona wanaume, akaniona mimi, akasimama mlangoni akaanza kumfungua mtoto taratibu bila kuuliza, kama mtu anayeshusha mzigo kabla ya kukimbia.

"Ndiye huyu?" askari akauliza.

"Ndiye," mzee akasema.

"Mama, chukua vitu vyako twende. Ni maelezo tu."

Maelezo tu. Nikamchukua mwanangu mikononi mwa mama. Nilitaka kusema maneno mengi niliyokuwa nimeyapanga na mdomo ukakataa, nikafikiri, ndiyo hivi watu wanavyochukuliwa, siyo kwa sababu hawana la kusema, ulimi tu umegoma. Nikamgeukia fundi. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Afande," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama siyo yangu, "kabla hatujaenda, naomba uangalie ni saa ngapi."

Akaangalia mkononi. "Saa tano inakaribia. Kwa nini?"

"Sasa angalia pale ukutani. Halafu njoo uangalie huku kwenye mashine iliyoandika jina langu."

Mzee akasema, "Hebu, binti..." lakini askari alishaanza kutembea. Aliangalia ukuta. Akainama kwenye kijichumba akaangalia kioo. Akarudi akaangalia ukuta tena. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia hii tatu siyo ya usiku, ni saa tatu ya asubuhi, na mgonjwa aliyehakikiwa saa hiyo ni bibi wa Ulemo, yupo wodi ya wanawake, nenda ukamshike mkono uone kama ni hewa. Nilipoanza sikuweza kuacha. Nikasema Jumatatu aliyeingia humu kuweka saa hakuwa mimi, mimi ufunguo sina, na fundi yuko hapa, mwulizeni.

"Kijana?" askari akasema.

Fundi akaacha kuangalia viatu. "Ni... ndiyo. Saa iliwekwa kwa kufuata ile ya ukutani. Kila kitu ilichoandika mashine hii kiko nyuma saa sita. Hata kukataa kwake tiketi ni kwa ajili hiyo hiyo."

Mama yangu alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Siyo kwa furaha, kwa aibu. Mtoto wake amemwambia mzee amekosea, mbele ya mgeni, tena mgeni wa serikali.

Mzee alikaa kwenye kiti chake. Alionekana mkubwa kuliko umri wake. Akaanza kuongea nami kwa Kinyiramba, sauti ya chini, ya baba kwa mtoto. Mimi ni Mnyaturu, Kinyiramba nakisikia nusu nusu, lakini nilielewa: alisema amekosea, alisema niyamalize, alisema neno la kubembeleza ambalo kwetu pia lipo. Yalikuwa maneno mazuri. Na askari, aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine, alikuwa anatutazama hajui kinachosemwa.

"Mzee," nikasema, "sema kwa Kiswahili. Afande asikie."

Mama akanifinya mkono kwa nguvu. "Wewe!"

"Aseme kwa Kiswahili. Aliponishtaki hakunishtaki kwa Kinyiramba."

Upepo ulikuwa unagonga bati la kibaraza. Nilidhani atanifukuza, na kweli kwa sekunde ile uso wake ulifungika. Mtoto akaanza kutafuta ziwa, anasukuma kichwa kwenye blauzi, hakumjali mtu.

"Nilikosea kuweka saa," mzee akamwambia askari, kwa Kiswahili. "Huyu binti hakuingia usiku. Hana kosa."

"Mzee, sasa mimi niondoke na nani?" askari akauliza, akicheka kidogo.

"Usiondoke na mtu yeyote. Nisamehe kwa usumbufu."

"Andika," nikamwambia fundi. Akaandika. Nilisimama nyuma yake hadi alipomaliza, kisha nikamwambia afute jina langu kwenye yale ya akiba, nikaliangalia likitoweka kwenye orodha. Alirekebisha saa. Daktari akapiga kelele kutoka mapokezi kwamba milango imefunguka, kiboksi kimepotea, jamani asante fundi.

Mama yangu alipiga magoti mbele ya mzee. "Msamehe, baba, ni mtoto, hasira zimemzidi." Akanivuta upindo wa sketi na mimi nipige. Sikupiga. Nilikuwa nimesimama, mtoto ananyonya, magoti yanagongana, na nikajua nikiyakunja tu hayatainuka tena. Lakini hata yangekuwa mazima nisingepiga. Mzee alisema, "Mwache, mama. Aende akapumzike leo." Akamwambia mama na asante kwa kuja.

Njiani mama alitangulia mbele mpaka tulipoyaacha majengo. Halafu akasema, "Unajua utakuwa unamwamkia tena kesho."

"Najua."

"Na umemvua nguo."

"Mama, walikuwa wananipeleka."

Akatembea. Baadaye kidogo akanipokea mtoto, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akamkaza kwa kanga mbili badala ya moja.

Tulipofika nyumbani nililala mchana ule ule na mlango nimeufunga komeo. Niliamshwa na pikipiki iliyosimama nje ya ukuta. Kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshamnyakua mwanangu na kumpitisha kwa mama dirishani upande wa jikoni, nimemziba mdomo kwa kiganja. Mama alimpokea. Tulisimama hivyo, yeye nje na mimi ndani, tukisikiliza. Alikuwa jirani, anashusha magunia ya mashudu ya alizeti.